Njia Nafuu ya Kupata Leseni ya Rubani wa Biashara kwa Vijana wa Bukoba na Muleba: Uchambuzi wa Masharti, Gharama na Hatari

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kijana wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, anavyoweza kuchagua njia ya mafunzo ya urubani inayolingana na uwezo wa kifedha wa familia yake. Hoja kuu ni kwamba unafuu wa mafunzo haupimwi kwa ada inayotangazwa na shule, bali kwa jumla ya fedha, muda na hatari ambazo familia hubeba tangu siku ya kwanza hadi mwanafunzi anapopata ajira ya kwanza. Uchambuzi umejikita katika masharti ya leseni, njia zilizopo ndani ya Tanzania, Uganda, Kenya na nje ya Afrika Mashariki, pamoja na vyanzo vya fedha. Makala yanahitimisha kwamba mpangilio wa hatua una uzito kuliko uchaguzi wa nchi: kipimo cha afya hutangulia, malipo hufuata maendeleo ya mafunzo, na ardhi ya ukoo haiwekwi rehani kabla ya hatua za awali kukamilika.

Maneno muhimu: rubani wa biashara, leseni, gharama ya mafunzo, kibanja, Kagera

1.0 Utangulizi

1.1 Usuli

Kwa wakazi wa Kagera, ndege si chombo cha anasa pekee. Barabara kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ina urefu wa takribani kilometa 1,400, na safari ya majini kupitia Mwanza ina kumbukumbu yake nzito tangu kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Uwanja wa ndege wa Bukoba, uliopo kando kabisa ya Ziwa Victoria, umekuwa kiungo cha wagonjwa, wafanyabiashara, watumishi wa umma na wanafunzi. Ni uwanja huohuo ambao ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilikuwa inaukaribia asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ilipotumbukia ziwani. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Wavuvi wa Bukoba walikuwa miongoni mwa waokoaji wa mwanzo.

Tukio hilo lina mafunzo mengi, lakini kwa makala haya linatosha kukumbusha jambo moja. Mafunzo ya rubani ni suala la uhai wa abiria, na neno "nafuu" haliwezi kumaanisha mafunzo pungufu. Ukanda wa magharibi mwa Ziwa Victoria hupata mvua na ngurumo nyingi nyakati za asubuhi, kwa sababu upepo wa nchi kavu wa usiku hukutana na hewa yenye unyevu iliyo juu ya ziwa. Rubani atakayekuja kuhudumia Bukoba anahitaji elimu ya hali ya hewa na umahiri wa kuruka kwa kutegemea vyombo kuliko anavyohitaji cheti kilichopatikana haraka.

1.2 Tatizo

Vijana wanaomaliza kidato cha sita katika shule kama Ihungo na Rugambwa, wakiwa na ufaulu mzuri wa Fizikia na Hisabati, hukutana na pengo la taarifa. Njia ya kuwa mwalimu, mhandisi au daktari inajulikana: kuna udahili, mkopo, chuo na ajira. Njia ya urubani haina mstari ulionyooka kama huo. Leseni hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga na si chuo. Mafunzo huuzwa kwa saa za kuruka. Bei hutajwa kwa dola. Na ajira hutegemea saa ambazo mwanafunzi huhitimu akiwa bado hana. Katika pengo hilo, familia inaweza kulipa ada yote mapema kwa shule isiyo na ndege za kutosha, au kuuza kibanja kwa ajili ya mtoto ambaye baadaye anagundulika kuwa na upofu wa rangi.

Lengo la makala haya ni kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kueleza vitu vinavyozaa gharama, kulinganisha njia zilizopo, na kupendekeza utaratibu wa uamuzi.

2.0 Masharti ya Leseni kama Chanzo cha Gharama

2.1 Leseni na saa za kuruka

Masharti ya msingi ya leseni za marubani duniani yamewekwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchini Tanzania masharti hayo hutekelezwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Jedwali la 1 linaonyesha viwango vya chini vya ICAO kwa ndege za kawaida zenye mabawa.

Jedwali la 1: Viwango vya chini vya umri na saa za kuruka

| Leseni | Umri | Saa za jumla |
|---|---|---|
| Rubani binafsi | Miaka 17 | 40, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa |
| Rubani wa biashara | Miaka 18 | 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa |
| Rubani wa uchukuzi wa mashirika ya ndege | Miaka 21 | 1,500 |

Katika saa za leseni ya biashara, mwanafunzi anatakiwa kuwa ameruka saa 100 akiwa rubani mwenye dhamana ya ndege, au saa 70 ikiwa yuko katika kozi iliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo lazima ziwemo saa 20 za safari za masafa, ikiwamo safari moja isiyopungua kilometa 540 yenye kutua katika viwanja viwili tofauti. Aidha, yapo mafunzo ya vyombo yasiyopungua saa 10, na mafunzo ya usiku kwa anayetaka haki ya kuruka usiku.

Jedwali hili lina maana kubwa ya kiuchumi. Tofauti kati ya saa 150 na saa 200 ni saa 50. Ikiwa, kwa mfano wa hesabu, saa moja ya ndege hugharimu dola 200, tofauti hiyo ni dola 10,000. Kozi iliyoidhinishwa na yenye mtaala unaofuatana bila kukatika inaweza kutoza bei kubwa kwa saa na bado ikawa rahisi kwa jumla. Kinyume chake, mwanafunzi anayejikusanyia saa kidogo kidogo nje ya kozi iliyoidhinishwa hulazimika kufikisha saa 200.

2.2 Kwa nini saa ya ndege ni ghali

Ndege nyingi za mafunzo za injini moja hutumia petroli maalumu ya ndege, ambayo ni tofauti na mafuta yanayotumiwa na ndege za abiria. Petroli hiyo huagizwa kwa kiasi kidogo na haipatikani katika kila uwanja, hivyo bei yake Afrika Mashariki ni kubwa. Baadhi ya ndege za mafunzo za kisasa zimefungwa injini za dizeli zinazotumia mafuta ya ndege za jeti, ambayo hupatikana kwa wingi zaidi na injini zake hunywa kidogo. Mwanafunzi anayelinganisha shule hana budi kuuliza ndege zinatumia mafuta gani na yanatoka wapi, kwa kuwa shule inayokosa mafuta huahirisha mafunzo, na kila mwezi wa kungoja una gharama ya chakula na malazi.

Sababu nyingine ni matengenezo. Ndege ya mafunzo hukaguliwa kwa vipindi vya saa za kuruka, na vipuri vyake huagizwa kutoka nje. Shule yenye ndege mbili kwa wanafunzi wengi husimama pale moja inapoingia kwenye karakana. Hivyo basi, uwiano wa ndege zinazoruka na idadi ya wanafunzi ni kipimo cha gharama sawasawa na ada yenyewe.

2.3 Afya

Leseni ya biashara inahitaji cheti cha afya cha Daraja la Kwanza, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka. Uchunguzi unahusu macho, ikiwamo uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo, mfumo wa fahamu na historia ya magonjwa kama kifafa. Cheti hiki huhuishwa kila baada ya miezi 12 kwa marubani wengi, na mara nyingi zaidi kwa wenye umri mkubwa katika aina fulani za kazi.

Kuvaa miwani hakumzuii mtu kuwa rubani, mradi uoni uliorekebishwa ufikie kiwango. Hata hivyo, zipo hali zinazofunga mlango kabisa, na mhusika huenda hazijui. Gharama ya uchunguzi ni sehemu ndogo sana ya gharama ya mafunzo. Kwa sababu hiyo makala haya yanauweka uchunguzi huo kuwa hatua ya kwanza isiyo na mbadala, kabla ya ada ya usajili na kabla ya kikao cha ukoo kuhusu ardhi.

2.4 Idhini za ziada

Leseni ya biashara peke yake haitoshi kwa kazi nyingi. Waajiri huhitaji idhini ya kuruka kwa vyombo, ambayo kwa viwango vya ICAO hudai saa 50 za safari za masafa ukiwa rubani mwenye dhamana na saa 40 za vyombo, sehemu yake ikiruhusiwa kufanywa katika kifananishi cha ndege. Huhitaji pia idhini ya ndege za injini mbili au zaidi, na kiwango cha nne au zaidi cha umahiri wa lugha ya Kiingereza cha ICAO. Shule zinazotangaza bei ndogo mara nyingine huwa zimeacha mambo haya nje ya bei. Familia inapolinganisha matangazo mawili, lazima kwanza ihakikishe kwamba yote mawili yanaishia mahali pamoja.

3.0 Njia Zilizopo

3.1 Ndani ya Tanzania

Kwa muda mrefu Mtanzania aliyetaka leseni ya biashara alilazimika kwenda nje ya nchi. Hali hiyo imeanza kubadilika. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kimejengewa uwezo wa kuwa kituo cha umahiri katika usafiri wa anga kupitia mradi wa EASTRIP unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na kimenunua ndege za mafunzo kwa ajili ya urubani. Ikumbukwe kwamba Chuo cha Usafiri wa Anga kilicho chini ya TCAA jijini Dar es Salaam hufundisha waongoza ndege na wataalamu wengine, si marubani. Mwombaji asichanganye vyuo hivi viwili.

Faida ya njia ya ndani ni tatu. Kwanza, leseni hutolewa moja kwa moja na TCAA, hivyo hakuna gharama ya kubadilisha leseni ya kigeni. Pili, mwanafunzi hahitaji viza, na sehemu ya malipo inaweza kuwa kwa shilingi. Tatu, chuo cha umma kina nafasi nzuri ya kuunganishwa na mifumo ya mikopo na ufadhili wa serikali. Udhaifu wake ni uchanga: idadi ya ndege na wakufunzi bado inakua, na mwanafunzi anapaswa kuulizia muda halisi ambao waliomtangulia wametumia hadi kuhitimu.

3.2 Soroti, Uganda

Chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, mashariki mwa Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya kuwafundisha marubani na mafundi wa ndege wa nchi zote tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 chuo kilibaki mikononi mwa Uganda, lakini kimeendelea kufahamika kama chuo cha kikanda.

Kwa mkazi wa Kagera, Soroti ina sifa ambayo mkazi wa Dar es Salaam hana: ukaribu. Njia ya Bukoba, Mutukula, Masaka, Kampala hadi Soroti ni chini ya nusu ya umbali wa Bukoba hadi Dar es Salaam. Mzazi wa Muleba anaweza kumtembelea mwanawe kwa basi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imerahisisha mwananchi wa nchi mwanachama kuingia na kukaa nchi nyingine kwa masomo. Gharama za maisha katika mji mdogo kama Soroti ni za chini kuliko za Nairobi, na anga lake halina msongamano wa kumfanya mwanafunzi alipie dakika za kusubiri huku injini ikiunguruma.

Jambo la kuthibitisha kabla ya kulipa ni lilelile la kila mahali: ndege ngapi zinaruka leo, wakufunzi wangapi wapo, na kozi imeidhinishwa hadi lini.

3.3 Nairobi, Kenya

Uwanja wa Wilson jijini Nairobi una mkusanyiko mkubwa wa shule za urubani na kampuni ndogo za ndege. Faida yake ni ushindani na mazingira ya kazi: mwanafunzi hujifunza kuwasiliana na mwongoza ndege katika anga lenye shughuli nyingi, na huonana kila siku na watu wanaoweza kuwa waajiri wake. Hasara ni gharama za maisha ya Nairobi na msongamano wa uwanja. Wilson pia upo juu sana, zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, ilhali Bukoba na Soroti ziko karibu futi 3,700. Katika hewa nyepesi ya juu ndege hupoteza nguvu na huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Kwa mwanafunzi makini hilo ni somo zuri, ila hupunguza mzigo unaobebeka na hivyo aina ya ndege zinazofaa.

3.4 Suala la kubadilisha leseni ndani ya Jumuiya

Mkataba wa Chicago, katika kifungu cha 33, unazitaka nchi wanachama kutambua leseni zilizotolewa kwa viwango visivyo chini ya vile vya ICAO kwa ajili ya ndege za nchi iliyotoa leseni. Utambuzi huo haumpi mwenye leseni ya Uganda au Kenya haki ya kurusha ndege iliyosajiliwa Tanzania bila utaratibu wa ziada. TCAA huthibitisha au hubadilisha leseni kwa masharti yake, yakiwamo mitihani.

Hata hivyo, nchi za Jumuiya zimeoanisha kanuni zao za usafiri wa anga kupitia wakala wa Jumuiya wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao makuu Entebbe. Kwa kuwa kanuni zinafanana kwa sehemu kubwa, pengo kati ya alichosoma mwanafunzi wa Soroti na anachotakiwa kukijua Tanzania ni dogo kuliko la aliyesoma Marekani. Gharama ya mabadiliko ni ndogo, lakini haikosekani, na lazima iingizwe kwenye hesabu.

3.5 Nje ya Afrika Mashariki

Afrika Kusini na Marekani huvutia kwa sababu ya wingi wa ndege, hali ya hewa inayoruhusu kuruka mara nyingi, na bei ya saa ambayo katika baadhi ya maeneo ni ya chini. Ethiopia nayo ina chuo kikubwa kinachoendeshwa na shirika lake la ndege jijini Addis Ababa. Tatizo la njia hizi ni gharama zinazozunguka saa ya ndege.

Nchini Marekani, kwa mfano, leseni ya biashara hudai saa 250 chini ya utaratibu wa kawaida na saa 190 katika kozi iliyoidhinishwa, tofauti na 200 na 150 za ICAO. Mwanafunzi wa urubani wa kigeni huingia kwa viza ya mafunzo ya ufundi, ambayo haimruhusu kufanya kazi ya kujikimu wakati wa masomo. Ongeza nauli, bima ya afya, na mabadiliko ya leseni anaporudi. Saa moja ya bei nafuu ikizidishwa kwa saa nyingi zaidi na kuongezewa gharama hizi, unafuu wake unaweza kumalizika.

3.6 Njia za ufadhili wa waajiri na taasisi

Kuna mashirika ya ndege duniani yanayowachagua vijana na kuwasomesha kwa mkataba wa kuwatumikia kwa miaka kadhaa. ICAO iliweka pia, mwaka 2006, leseni ya rubani wa ndege zenye marubani zaidi ya mmoja, inayomwandaa mwanafunzi moja kwa moja kwa shirika fulani kwa saa zisizopungua 240 za ndege halisi na kifananishi. Njia hii ni nafuu kwa familia pale tu shirika linapolipa. Ikiwa mwanafunzi ndiye anayelipa, leseni hiyo humfunga kwa mwajiri mmoja, na shirika likiyumba yeye hubaki na deni bila uhuru wa kutafuta kazi kwenye ndege ndogo.

4.0 Mfano wa Ulinganisho

Ili kuonyesha kwa nini ada peke yake hupotosha, tuchukue shule mbili za kubuni. Takwimu hizi ni za hesabu tu.

Shule A inatangaza dola 30,000 kwa saa 150. Ina ndege chache, na wanafunzi wake humaliza kwa miezi 30. Kwa sababu ya kukatika kwa mafunzo, mwanafunzi husahau na kuhitaji saa 25 za ziada kwa dola 200 kila moja. Gharama za maisha ni dola 300 kwa mwezi. Jumla ni ada dola 30,000, maisha dola 9,000 na saa za ziada dola 5,000, sawa na dola 44,000.

Shule B inatangaza dola 34,000 kwa saa zilezile. Wanafunzi wake humaliza kwa miezi 18 na huhitaji saa 5 za ziada kwa dola 230. Gharama za maisha ni zilezile. Jumla ni ada dola 34,000, maisha dola 5,400 na saa za ziada dola 1,150, sawa na dola 40,550.

Shule iliyoonekana ghali kwa dola 4,000 imekuwa nafuu kwa dola 3,450, na mhitimu wake ameingia katika soko la ajira mwaka mmoja kabla ya mwenzake. Kigezo kilichogeuza matokeo ni muda.

Upo pia mzigo wa thamani ya fedha. Mwaka 2022 dola moja ilibadilishwa kwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imevuka shilingi 2,600. Deni la dola 30,000 lililokuwa shilingi milioni 69 likawa zaidi ya milioni 78 bila mwanafunzi kuruka hata dakika moja ya ziada. Mkulima anayeuza kahawa kwa shilingi na kulipa ada kwa dola hubeba hatari hii peke yake.

5.0 Vyanzo vya Fedha kwa Familia ya Kagera

5.1 Mikopo na ufadhili wa umma

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mikopo yake imejengwa juu ya udahili katika programu na vyuo vinavyotambuliwa. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo imepanuliwa hadi baadhi ya programu za stashahada, zikiwamo za usafirishaji. Mkopo wa elimu ya juu hurejeshwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa, masharti ambayo ni mepesi kuliko ya benki ya biashara inayoanza kudai kabla mkopaji hajapata kazi.

Funzo lake ni hili: mwanafunzi anayeingia katika programu ya chuo inayotambuliwa ana mlango ambao anayelipia leseni tupu katika shule binafsi hana. TCAA nayo imekuwa na mfuko wa mafunzo uliolenga kuongeza idadi ya marubani na wahandisi wa ndege Watanzania. Nafasi zake ni chache na za ushindani, na mwenye cheti cha afya mkononi na ufaulu mzuri wa Fizikia na Hisabati huomba akiwa amejiandaa.

5.2 Kibanja

Katika Bukoba na Muleba, mali kubwa ya familia nyingi ni kibanja: shamba la migomba na kahawa lililorithiwa, lenye makaburi ya wazee na jina la ukoo. Sheria za mila za Wahaya ziliwatambua wanaukoo kuwa na haki ya kukomboa ardhi iliyouzwa kwa mgeni bila ridhaa yao. Katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory la mwaka 1990, lililotoka Kagera, Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi sawa na mwanamume. Uamuzi huo unahusika hapa kwa namna mbili: mama mjane aliyerithi ardhi hawezi kuzuiwa kumsomesha mwanawe kwa sababu tu ni mwanamke, na binti anayetaka urubani ana dai sawa na la kaka yake katika mali ya wazazi.

Kuwepo kwa haki ya kuuza hakufanyi kuuza kuwe busara. Kibanja kikishauzwa hakirudi, ilhali mafunzo ya urubani yana vituo kadhaa ambapo mwanafunzi anaweza kukwama: afya, mitihani ya nadharia, kuruka peke yake mara ya kwanza, mtihani wa vitendo. Kuweka mali isiyorudishika mbele ya vituo vyote hivyo kwa mkupuo mmoja ni kugeuza hatari ya mtu mmoja kuwa hatari ya ukoo.

5.3 Kulipa kwa hatua

Mapato ya kahawa huja kwa msimu. Hali hii hushawishi familia kulipa kidogo kila mwaka na kumsimamisha mwanafunzi fedha zinapokwisha. Njia ya hatua kwa hatua inaruhusiwa na ina manufaa, lakini mahali pa kusimama pana maana. Anayesimama katikati ya kozi hupoteza wepesi wa mikono na hulipia saa za marudio. Matokeo ya mitihani ya nadharia nayo yana kikomo cha muda. Anayesimama baada ya kupata leseni ya rubani binafsi ana kitu kilichokamilika mkononi. Kwa hiyo familia ikusanye fedha za hatua nzima kabla ya kuianza, na isimame kwenye mipaka ya leseni tu.

Masomo ya nadharia, yakiwamo sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, kanuni za kuruka na uwezo wa binadamu, yanaweza kuanza kusomwa nyumbani. Kila sura inayoeleweka Muleba ni saa ambayo mwanafunzi haipotezi akiulizwa maswali huku injini inawaka.

6.0 Baada ya Leseni

Mhitimu mwenye saa 200 hayuko tayari kwa kiti cha kushoto cha ndege ya abiria. Nchini Tanzania ngazi za kwanza huwa ni ndege ndogo za kukodi na za watalii, kama Cessna Caravan, ambazo waajiri na kampuni za bima hudai saa zaidi ya alizonazo mhitimu. Wengine huwa wakufunzi wa urubani, kazi inayolipa huku ikiongeza saa. Mashirika makubwa, likiwamo Air Tanzania lililofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege aina ya Dash 8-400 na baadaye kuongeza Airbus A220 na Boeing, huhitaji pia mafunzo ya aina mahususi ya ndege, ambayo ni gharama nyingine kubwa isipokuwa mwajiri ailipe.

Kipindi hiki kati ya leseni na ajira ndicho kinachosahauliwa zaidi katika bajeti. Cheti cha afya lazima kihuishwe, idhini ya vyombo ihuishwe, na rubani aendelee kuruka ili asipoteze uhalali wa kubeba abiria. Familia iliyomaliza fedha zote siku ya mahafali hujikuta na rubani ambaye leseni yake inazeeka kabatini. Makala haya yanapendekeza sehemu ya bajeti itengwe tangu mwanzo kwa miezi 12 ya baada ya leseni.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba hakuna nchi moja iliyo nafuu kwa kila mwanafunzi. Kwa kijana wa Bukoba au Muleba asiye na mfadhili, njia mbili zinastahili kuchunguzwa kwanza: programu ya chuo cha umma nchini, kwa sababu ya leseni ya TCAA na uwezekano wa mkopo, na Soroti, kwa sababu ya ukaribu, gharama za maisha na kanuni zilizooanishwa. Nairobi inafaa kwa mwenye ndugu wa kumpokea. Njia za mbali zinafaa pale ufadhili unapogharamia pia nauli, makazi na kubadilisha leseni.

Kutokana na hayo, yanapendekezwa yafuatayo:

Kwanza, mwombaji apime afya ya Daraja la Kwanza kabla ya kulipa ada yoyote ya mafunzo.

Pili, athibitishe kwa mamlaka ya nchi husika, si kwa shule pekee, kwamba kozi imeidhinishwa, na atembelee shule na kuhesabu ndege zinazoruka.

Tatu, adai bei iliyoandikwa inayoonyesha saa, mafuta, mitihani, idhini ya vyombo, injini mbili na bei ya saa ya ziada.

Nne, alipe kwa awamu zinazolingana na saa zilizorushwa, na mkataba ueleze namna ya kurudishiwa fedha akiacha au shule ikifungwa.

Tano, ardhi ya ukoo isihusishwe hadi mwanafunzi awe amepata cheti cha afya, amefaulu nadharia na ameruka peke yake. Na hata hapo iwe kwa sehemu, kwa ridhaa iliyoandikwa ya wanaohusika.

Sita, shule za sekondari za Kagera ziwape wanafunzi wa Fizikia na Hisabati taarifa hizi tangu kidato cha tano, ili uamuzi ufanyike kukiwa bado na muda wa kuomba ufadhili.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu muda halisi ambao wanafunzi Watanzania hutumia kukamilisha leseni katika kila shule ya ukanda huu. Takwimu hizo zikichapishwa na mamlaka za usafiri wa anga, zingewasaidia wazazi kuliko tangazo lolote la ada.